Maoni Yangu juu ya Kununua kwa Mnada wa Simu

Katika gazeti letu la shule huandikwa mengi juu ya usafi wa mabweni, juu ya mpira na juu ya nidhamu. Mimi nimeomba nafasi niandike juu ya jambo ambalo halina kipindi darasani, nalo ni namna ya kununua kitu kwa mnada, hasa mnada huu unaopigwa ndani ya simu. Huenda wengine watasema kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne anayengoja mtihani wa Novemba hana haja ya kujishughulisha na minada. Nami ningesema hivyo hivyo, kama nyumba ya mama isingekuwa imesimama bila mabati mpaka leo.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Huku kwetu Tarime na Serengeti, mtu akisema anakwenda mnadani, mara nyingi ana maana ya soko la mifugo. Ng'ombe huletwa, wanunuzi huzunguka, na kila mwenye ng'ombe hupatana na mnunuzi wake pembeni mpaka wakakubaliana. Jina ni mnada, lakini mnadi hayupo. Mnada wenyewe ni ule ambao kitu ni kimoja na wanaokitaka ni wengi. Kila mmoja hutaja bei kuliko mwenzake, na anayetaja ya mwisho ndiye anayekichukua, akitaka asitake. Nazungumzia huo.

Mnada wa namna hiyo ni wa zamani sana. Mwaka 193 askari walinzi wa mfalme wa Roma walimwua mfalme wao, kisha wakaunadi ufalme wenyewe. Tajiri mmoja, Didius Julianus, alimshinda mshindani wake kwa kuwaahidi askari fedha nyingi zaidi. Alitawala siku 66, kisha akauawa. Sidhani kama yuko mtu aliyepata kununua ghali kuliko huyo.

Babu yangu hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alikuwa mnunuzi ambaye madalali wa mifugo hawakumpenda. Siku moja kabla ya soko aliketi na bibi wakapatana kwamba dume la kulimia lisizidi kiasi fulani. Kisha alihesabu fedha hizo, akaongeza kidogo za ushuru na za chai, na zilizobaki alimwachia bibi, naye akazifunga katika upindo wa kanga. Akifika sokoni hakuuliza bei upesi. Alimzunguka ng'ombe, akamtazama meno, akamshika nundu, akamwendesha hatua chache aone kama anachechemea, akauliza ametoka kijiji gani na kwa nini anauzwa. Bei ikipita fedha alizokuwa nazo, alikunywa chai yake akarudi nyumbani na fimbo yake mkononi. Vijana walimcheka, wakasema mzee ameshindwa. Yeye aliwajibu kwamba ameshindwa na ng'ombe wa leo, na kwamba wiki ijayo wataletwa wengine.

Sasa nieleze yaliyotupata sisi. Baba amenipa ruhusa kuyaandika.

Likizo ya Juni mwaka huu baba aliuza madume watatu akapata shilingi 2,700,000. Yeye na mama walikwisha kuzigawa: shilingi 1,400,000 za kumnunulia kaka pikipiki iliyotumika, apate kubeba abiria kati ya Nyamwaga na Tarime mjini, na shilingi 1,300,000 za mabati na mbao za nyumba mpya ambayo kuta zake zilikwisha simama. Wakati ule ule jirani alimwonyesha baba mnada wa simu wa dalali mmoja wa Mwanza. Dalali huyo huuza pikipiki zilizochukuliwa kwa watu walioshindwa kulipa mikopo. Huweka picha ya pikipiki saa moja jioni. Watu huandika bei zao. Saa tatu usiku mnada hufungwa. Lakini lilikuwapo sharti moja ambalo hatukulitilia maanani: dau jipya likiingia mwishoni, dalali huongeza dakika tano.

Pikipiki ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Bei ya kuanzia ilikuwa shilingi 900,000. Saa mbili na nusu ilifika 1,250,000, na baada ya hapo wengi walinyamaza. Baba akataja 1,400,000, yaani kiasi kile kile alichopatana na mama, tukadhani tumepata. Mara namba moja iliyoishia na 17 ikaandika 1,420,000.

Wasomaji, tazameni hiyo tofauti. Ilikuwa shilingi 20,000 tu! Mtu aliyekwisha taja milioni moja na laki nne, shilingi 20,000 haionekani kwake kuwa fedha. Baba akaandika 1,440,000. Ile namba ikaandika 1,460,000. Wakaenda hivyo hivyo, ishirini kwa ishirini, dakika tano kwa dakika tano, na baba akajibu mara kumi na sita, mpaka akafika 2,040,000, ndipo ile namba iliponyamaza. Hakuna hata mara moja katika hizo kumi na sita ambayo baba aliamua kutumia milioni mbili. Aliamua kuongeza elfu ishirini, basi.

Nami yanipasa niseme kweli. Nilikuwa nimeketi karibu naye wala sikumzuia. Nilishangilia kama mtu atazamaye mpira. Kaka alisema, "Usimwachie, baba." Mama alikuwa jikoni, alipouliza tumefika wapi, baba alimjibu, "Karibu tunamaliza." Tulipomaliza kweli hakuuliza tena, kwa kuwa alizisikia sauti zetu.

Gharama hazikuishia hapo. Dalali alidai ada yake, asilimia 5 ya bei, yaani shilingi 102,000. Sharti hilo lilikuwa limeandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Kuileta pikipiki kwa lori kutoka Mwanza ilikuwa 60,000. Fundi wa Tarime aliifungua injini, akatikisa kichwa, akatutoza 385,000. Pikipiki yenyewe ilikuwa na faini za barabarani ambazo mwenyewe wa kwanza hakulipa, na kadi ilipaswa kubadilishwa jina. Hayo yote 150,000. Jumla ni shilingi 2,737,000. Dukani Tarime mjini pikipiki mpya ya aina ile ile, pamoja na dhamana yake, ilikuwa 2,850,000. Basi kwa tofauti ya shilingi 113,000 tulinunua pikipiki iliyochoka. Fedha za madume watatu zikaisha zote, na deni dogo likabaki juu yake. Nilipokwenda nyumbani kwa mapumziko mafupi ya Septemba nilikuta mvua za vuli zimeanza, na matofali ya juu ya ukuta wa upande wa mashariki yameanza kumeguka.

Kaka anashikilia kwamba namba ile ya 17 ni ya mtu wa dalali mwenyewe, aliyewekwa kupandisha bei. Juma lililofuata alifuatilia mnada mwingine akaiona tena, nayo ikapanda na mtu mwingine mpaka juu, kisha ikanyamaza. Mimi siwezi kuapa. Najua tu kwamba hila hiyo ipo, ni ya zamani, na minada mikubwa ya mtandao kama eBay ya Marekani imeikataza katika masharti yake. Lakini tuseme namba ile ilikuwa ya mtu mwaminifu kabisa, mwenye haja ya pikipiki kama sisi. Hasara yetu ingekuwa ile ile! Kwa hiyo nimeacha kubishana na kaka juu ya ile namba, nikaanza kufikiri juu yetu sisi.

Kilichomshinda baba si bei. Ni aibu. Kwetu mtoto wa kiume hufundishwa tangu akichunga ndama kwamba mwanamume harudi nyuma mbele ya mwenzake. Huko vitani au mtoni huenda yafaa. Lakini pale palikuwa na nani wa kumwona? Namba iliyoishia na 17 haikumjua baba, haikujua nyumba yetu, na kama baba angenyamaza hakuna mtu hata mmoja Nyamwaga ambaye angejua. Hata hivyo aliona aibu, peke yake, gizani, mbele ya kioo cha simu. Sisi watoto wake tuliokuwa nyuma yake ndio tulioileta hiyo aibu.

Niliporudi shuleni Julai nilimweleza mwalimu wetu wa hesabu habari hii. Hakunipa pole. Kipindi kilichofuata alikuja na chupa iliyojaa maharage, akasema kila harage lina thamani ya shilingi moja, na kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi kiasi atakachotoa kuinunua chupa ile. Tulipohesabu, maharage yalikuwa 874. Makisio ya wengi wetu yalikuwa chini, machache yalikuwa juu, na wastani wa darasa zima haukuwa mbali sana na kweli. Lakini chupa haikwenda kwa wastani. Ilikwenda kwa mwenzetu mmoja wa dawati la nyuma aliyeandika 1,300, naye alishangilia sana mpaka tulipomaliza kuhesabu.

Hapo ndipo mwalimu alipotueleza jambo ambalo sijalisahau. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, majina yao Capen, Clapp na Campbell, waliandika juu ya minada ya maeneo ya kuchimba mafuta katika Ghuba ya Mexico. Makampuni yalikuwa na wataalamu na mashine za kupimia, lakini yaliyoshinda minada hayakupata faida iliyotazamiwa. Sababu ni ile ile ya chupa ya maharage. Hakuna ajuaye kwa hakika kilichomo ardhini. Kila mmoja hukisia. Na anayeshinda, mara nyingi, ni yule aliyekisia kupita wenzake wote, yaani yule aliyekosea zaidi. Wakashauri kwamba kadiri washindani wanavyozidi, ndivyo mtu apasavyo kupunguza dau lake wala si kuliongeza. Sisi Juni tulifanya kinyume. Tulipoona watu wengi wanaitaka ile pikipiki, tulisema bila shaka ni nzuri.

Watu wengine wakisikia habari kama hizi husema minada ya simu ipigwe marufuku. Mimi sikubaliani nao. Anayeuza hufaidika wanunuzi wakiwa wengi, na simu huwaita walio mbali. Mwaka 2019 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania ilianza kugawa vitalu vya uwindaji wa kitalii kwa mnada wa mtandao, badala ya maombi ya barua na vikao. Hata wakulima wetu wa kahawa hapa Tarime, ambao kahawa yao ni arabika, wangependa wanunuzi kumi waigombee kuliko mmoja anayekuja na bei yake mfukoni. Kosa si la mnada. Mnada ni kama mto Mara: wenye kujua kivuko huvuka kila siku.

Ila tazameni jinsi wazoefu wanavyonunua. Katika mnada wa kahawa wa Moshi, ulio chini ya Bodi ya Kahawa, wanunuzi hupewa sampuli kabla ya siku ya mnada. Wana waonjaji ambao kazi yao ni kuonja kahawa kijiko kwa kijiko na kuipa daraja. Wakiingia mnadani wanajua wanataka fungu gani na kwa bei gani. Hawanunui picha. Kadhalika magari mengi tunayoyaona katika barabara ya Musoma na Sirari yalikwisha pita katika minada ya Japani kabla ya kupakiwa melini. Kule kila gari hupewa karatasi ya ukaguzi yenye daraja lake. 4 ni zuri, 3 lina kasoro zaidi, na herufi R huonyesha kwamba lilipata ajali likatengenezwa. Karatasi hiyo ipo, lakini mnunuzi wa huku asipoiomba aisome mwenyewe, haitamsaidia. Tena wapo wanaofurahi kwamba wamepata gari kwa bei ndogo mnadani, wakasahau kwamba ushuru hapa nchini haufuati furaha yao: Mamlaka ya Mapato ina makadirio yake ya thamani ya magari yaliyotumika, na gari lililopita miaka 8 hulipiwa na uchakavu juu yake.

Liko jambo moja zaidi ambalo lanipendeza kuliko yote. Katika eBay, iliyoanzishwa mwaka 1995, mtu hana haja ya kukesha akiongeza ishirini ishirini. Huiambia mashine, kwa siri, bei ya juu kabisa ambayo yuko tayari kutoa. Mashine humwongezea yeye kidogo kidogo, kiasi cha kumpita mshindani tu, na ikifika kikomo chake hunyamaza. Kwa hiyo mshindi halipi bei yake ya juu. Hulipa karibu na ile ya mtu wa pili. Profesa mmoja, William Vickrey, aliandika mwaka 1961 kwamba katika mnada ambao mshindi hulipa bei ya mtu wa pili, afadhali kila mtu aseme kwa unyofu thamani ya kitu kama anavyoiona, maana hapati faida kwa kuficha wala kwa kuzidisha. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996, akafa siku tatu tu baada ya kutangazwa.

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka bibi na upindo wake wa kanga. Mashine ile inafanya kazi ya bibi! Inashika kikomo ulichokitaja ukiwa na akili zako, wala haikusikilizi baadaye ukiwa na hasira. Minada ya madalali wa simu haina mashine hiyo, na fedha za siku hizi hazikai katika kanga. Zote zimo ndani ya simu ile ile inayopiga mnada, karibu na kidole. Babu alikuwa na mwanga wa mchana, ng'ombe mbele ya macho, bibi nyumbani mwenye fedha, na safari ndefu ya miguu kama angetaka kuzifuata. Simu imeviondoa vyote vinne kwa usiku mmoja, na hakuna atakayeturudishia ila sisi wenyewe.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Anayetaka kununua kwa mnada wa simu amtume kwanza fundi au ndugu aliye karibu akakione kitu. Mwanza hakuna mtu wa Mara aliyekosa ndugu. Aandike gharama zote, pamoja na ada, usafiri, matengenezo na madeni, kisha azitoe katika bei anayoweza; kinachobaki ndicho dau lake. Hesabu yetu ingekuwa hivi: 1,400,000, toa 60,000 za lori, toa 385,000 za fundi, toa 150,000 za faini na kadi, inabaki 805,000, na ada ya dalali bado. Bei ya kuanzia ilikuwa 900,000. Maana yake hatukupaswa hata kufungua mdomo! Karatasi moja na kalamu vingetuonyesha hivyo saa kumi jioni, kabla ya mtu kuwasha simu.

Kisha dau hilo akabidhiwe mtu mwingine, pamoja na simu. Kwetu ningependekeza mama. Najua baadhi ya wazee watakaosoma gazeti hili hawatapendezwa na neno hilo, kwamba mwanamume amkabidhi mkewe simu na fedha kisha aende kulala. Nawaomba radhi. Lakini katika nyumba yetu aliyekuwa jikoni usiku ule ndiye peke yake aliyekuwa akiyafikiria mabati.

Siku ya kutembelewa baba alikuja kwa pikipiki hiyo hiyo, kaka akiiendesha, nikamsomea makala haya chini ya mti karibu na bwalo. Nilipofika kwenye aibu alitazama chini, nami nikasoma upesi. Nilipomaliza aliniomba karatasi akairudia ile hesabu ya jumla polepole kwa kidole. Akasema imepungua. Sikuandika nauli yake ya basi kwenda Mwanza na kurudi, na malazi ya usiku mmoja, shilingi 70,000. Basi wasomaji waziongeze.